Darasa Lililo Karibu na Kazi: Masomo ya Maendeleo Katikati ya Utumishi, Arusha na Meru

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi unafika Tengeru, ilipo Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, na mbele kidogo Usa River, kilipo kituo cha MS TCDC ambacho Wadenmark walikianzisha mwaka 1967. Upande wa Njiro iko ESAMI, taasisi ya menejimenti iliyoanza mwaka 1974 na kuendelea kuishi hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Pamoja na vijana, vyuo hivi hupokea maofisa maendeleo ya jamii, waratibu wa miradi na watumishi wa asasi za kiraia waliokwisha kula chumvi kazini, ambao sasa wanarudi kukaa kwenye dawati.

Wanapata nini? Jibu la haraka hutaja maandiko ya miradi, ufuatiliaji na tathmini, usimamizi wa fedha. Ni stadi za kweli, lakini sehemu yake kubwa ingepatikana kwenye semina ya wiki mbili. Ninashikilia kwamba faida ya masomo marefu ni nyingine: mtu hujifunza kuihoji kazi aliyoizoea. Uzoefu peke yake haumfundishi hilo. Miaka 15 ya kujaza taarifa za robo mwaka inaweza kumfanya mtu awe hodari wa kujaza taarifa, basi.

Tuchukue mfano wa maji ya Meru. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyatia maji floraidi, na katika maeneo kama Ngarenanyuki vyanzo vingi hupita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya wengi waliokulia huku yametokana na hilo, na athari ikizidi hata mifupa hupinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa tanuruni, husagwa chengachenga, maji hupitishwa humo na floraidi hunaswa. Sasa mfikirie mratibu wa mradi wa kugawa machujio. Kiashiria chake ni idadi ya kaya zilizopata chujio, na idadi imetimia. Lakini floraidi katika maji haionekani wala haionjeki. Mkaa ukishachoka, maji huendelea kutoka maangavu vilevile, na mama anayempa mwanawe kikombe hana namna ya kujua kwamba chujio limekufa. Nani anapima? Nani anabadilisha mkaa, na kwa fedha ya nani? Darasani, kijana wa miaka 22 atayaandika maswali haya kwa sababu mwalimu kayauliza. Mratibu aliyewahi kusimamia mradi wa maji atanyamaza kwanza, maana anazikumbuka nyumba alizozipitia na kuziwekea alama ya vyema. Hapo ndipo anapoanza kujifunza kubuni kiashiria kinachoyafuata maji hadi kikombeni.

Waajiri hulalamika kwamba msomi akirudi hudai cheo, au huhamia shirika linalolipa zaidi. Lalamiko hilo lina ukweli. Ila mara nyingi mwajiri aliyetoa ruhusa ya masomo hakumpa mtumishi swali lolote la kwenda nalo chuoni, wala hakumpangia siku ya kulijibu akirudi.

Linalonisumbua zaidi ni lugha. Kituo cha Usa River kilianza kwa kuwaandaa Wadenmark wa kujitolea, na Kiswahili kilikuwa sehemu ya maandalizi yao. Leo Mtanzania anayesomea uzamili wa maendeleo huandika tasnifu yake kwa Kiingereza, kisha anarudi kwenye mkutano wa kijiji bila maneno ya kuielezea. Kufafanua matokeo ya utafiti kwa Kiswahili cha mkutanoni, mbele ya wazee wanaouliza na kurudia kuuliza, ni stadi ya kitaaluma sawa na takwimu. Na wanaouliza si wageni wa hoja: watu wa Ngarenanyuki walihamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni mwaka 1951, na mwaka uliofuata wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu wa namna hiyo hawana haja ya kurahisishiwa hoja; wana haki ya kuelezwa.

Naviomba vyuo vyetu, basi: kabla mtumishi hajavaa joho, aiwasilishe tasnifu yake kwa Kiswahili katika kata alikokusanya taarifa, ahojiwe na wale waliomjibu, na maswali yao yaingie katika sura ya mwisho.