Nesi Aliyeingia Majengo

Ukitaja Majengo, Pumwani, kwa wanasayansi, watakuambia habari ya wanawake waliouza mwili miaka na miaka bila kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Sawa. Lakini utafiti huo ulipoanza 1985, nani angempa mgeni mkono atolewe damu hivi hivi tu? Ilibidi kwanza mtu aaminike mtaani. Elizabeth Ngugi, nesi ambaye baadaye alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikaa na wanawake hao kwenye baraza, wakaongea waziwazi: kisonono, kaswende, kondomu. Mwaka wa 1988 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo: kondomu zilitumika zaidi, maambukizi yakapungua. Angalia orodha ya waandishi. Jina la kwanza, mbele ya madaktari, ni la nesi.