Kadi za Brussels na Vichwa vya Ujumbe

Mashine ya kutafuta hupewa sifa zisizo zake peke yake. Tunapochuja mijadala ya mtandaoni kwa mwandishi, tarehe au mada, tunatumia kazi iliyofanyika siku ujumbe ulipoingizwa. Kisichoandikwa siku hiyo, hakuna kichujio kitakachokirudisha. Ushahidi wa mapema uko Brussels, ambako mwaka 1895 wanasheria wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walianzisha taasisi iliyokusudia kuorodhesha kwenye kadi kila kilichochapwa duniani. Waliuchukua mfumo wa namba wa kupanga vitabu wa Melvil Dewey, wakauongezea kitu ambacho Dewey hakukipa uzito huo: alama za kuunganisha. Mada ilipewa namba, mahali pakatiwa kwenye mabano, wakati kwenye alama za kunukuu, na nukta mbili zikahusisha mada moja na nyingine. Mfumo huo ungali hai. Ndani yake 63 ni kilimo, (678) ni Tanzania, na 63(678) ni kilimo cha Tanzania. Mtafutaji alituma barua na malipo, makarani wakamnakilia kadi zilizolingana na ombi lake. Hadi miaka ya 1930 kadi zilikuwa zimepita milioni 12, na kila moja ilipitia mkononi mwa mtu aliyeamua inahusu nini.

Usenet, mtandao wa mijadala uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, haukuwa na makarani. Kazi yao ilihamia kwa mwandishi na programu yake: kila ujumbe ulibeba kichwa chenye jina la mtumaji, tarehe, somo na kundi. Vichwa hivyo viliwekwa ili ujumbe ufike unakotakiwa, wala si kwa ajili ya watafiti wa baadaye. Hata hivyo Deja News, huduma ya kutafuta ujumbe wa Usenet, ilipofungua hifadhi yake mwaka 1995, ni hivyo hivyo vilivyowezesha kuchuja kwa mwandishi au kundi. Google ilipoinunua hifadhi hiyo mwaka 2001, iliongeza pia ujumbe wa miaka ya 1980 ambao Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliuhifadhi kwenye tepu za sumaku. Tepu zilikuwa kuukuu, lakini tarehe zilikuwamo.

Atakayepinga atataja AltaVista, mashine ya kutafuta iliyofunguliwa Desemba 1995 na kuorodhesha kila neno la ukurasa. Kuna haja gani ya lebo ikiwa kila neno linatafutika? Hoja hiyo ina nguvu kwa anayetafuta neno adimu. Kwa anayetaka kujua nani alisema kwanza, haimfikishi mbali: maandishi yenyewe mara nyingi hayataji mwandishi wala siku.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa waandishi wenyewe, waliodhani wanazungumza na kundi lao tu, kisha wakajikuta wanatafutika kwa jina. Njia ya kukataa nayo ikawa mstari wa kichwani, X-No-Archive, ulioiagiza hifadhi isiuweke ujumbe huo. Hifadhi iliutii. Ila mtu mwingine akijibu na kunukuu maneno hayo bila mstari huo, yaliwekwa, na kichujio cha mwandishi kikayaonyesha chini ya jina la aliyejibu.