Injini kongwe za jeti za ndege za mfano na sababu ya kupendwa hadi leo

TABO ya injini ya dizeli, ile ambayo mafundi wa gereji za Kinondoni na Temeke huifungua kutoka kwenye malori na mabasi, ina undugu wa karibu na injini ndogo za jeti zinazorusha ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio kutoka ardhini. Undugu huo unaonekana wazi zaidi katika injini za kizazi cha kwanza, zilizobuniwa kati ya mwanzo wa miaka ya 1980 na mwisho wa miaka ya 1990. Ingawa zimepitwa na injini mpya kwa nguvu, kwa wepesi na kwa urahisi wa kuwasha, bado zina wapenzi wanaozitafuta, kuzifufua na kuzirusha.

Kwa wapenzi hao suala si ukongwe peke yake. Injini hizo zilibuniwa ili mwenye nazo aweze kuzifungua, kuzielewa na kuzitengeneza kwa mikono yake. Injini nyingi za leo zikipata hitilafu hufungwa kwenye kifurushi na kurudishwa kiwandani. Hata hivyo, uhuru huo una gharama yake, kwa kuwa injini kongwe hudai uangalifu mkubwa na kosa dogo huweza kuzaa moto.

Jinsi inavyofanya kazi

Injini ya jeti ya ndege ya mfano ina rota moja tu inayozunguka, yaani shafti fupi yenye gurudumu moja mbele na jingine nyuma. Gurudumu la mbele, liitwalo kompresa, huvuta hewa na kuishindilia. Hewa hiyo huingia katika chumba cha mwako, ambako hunyunyiziwa mafuta ya taa na kuwaka moto usiokatika. Gesi ya moto hupita kwa kasi kwenye gurudumu la nyuma, yaani tabaini, na kulizungusha kama maji yanavyozungusha tabaini za kufua umeme kule Kidatu na Mtera. Tabaini ndiyo inayoizungusha kompresa. Nguvu inayobaki hutokea kwenye bomba la nyuma na kuisukuma ndege mbele.

Tabo ya gari nayo ina magurudumu hayo hayo mawili kwenye shafti moja. Wazo lake lilisajiliwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Tofauti ni kwamba katika lori, kati ya kompresa na tabaini kuna injini nzima yenye pistoni. Pistoni hizo zikiondolewa na mahali pake pakawekwa chumba cha mwako, kinachopatikana ni injini ya jeti.

Kasi ya mzunguko ndiyo inayoshangaza wengi. Injini ya mfano iliyo katika mwendo wa pole huzunguka takriban mara 35,000 kwa dakika, na ikipewa mafuta yote hufikia mara 100,000 na zaidi. Joto la gesi inayotoka nyuma huwa kati ya nyuzijoto 500 na 700 za Selsiasi. Katika mazingira hayo, beringi mbili ndogo zinazobeba shafti ndizo roho ya injini. Hulainishwa kwa sehemu ya mafuta yale yale yanayochomwa, ambayo huchanganywa na oili maalumu kwa kiasi cha asilimia 5 hivi.

Muundo uliopita Entebbe

Muundo huu wa kompresa ya gurudumu moja si mgeni katika anga ya Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ya Shirika la Ndege la Uingereza la wakati huo, BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria, na hiyo ikawa safari ya kwanza duniani ya huduma ya kawaida ya abiria kwa ndege ya jeti. Miongoni mwa vituo vyake njiani ulikuwa Entebbe, Uganda. Comet hiyo ya kwanza ilitumia injini nne aina ya Ghost, zenye kompresa ya gurudumu inayotupa hewa pembeni, kama ilivyo katika tabo ya lori na katika jeti ya mfano.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kutumia jeti zake mwaka 1960, lilipata Comet 4, ambayo injini zake aina ya Avon zilikuwa tayari zimehamia kwenye muundo wa safu nyingi za mapanga zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Jeti kubwa za abiria zimebaki na muundo huo mpaka leo. Lakini gurudumu la zamani halikufa. Bado limo ndani ya injini ndogo kama PT6, inayozungusha rafadha za ndege aina ya Cessna Caravan zinazobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Kwa sababu ni imara na rahisi kuchonga kwa umbo dogo, ndilo lililochaguliwa na watengenezaji wa jeti za mfano.

Waasisi na karakana zao

Kabla ya miaka ya 1980, ndege ya mfano yenye umbo la jeti ilisukumwa na feni iliyofichwa ndani ya bomba na kuzungushwa na injini ndogo ya pistoni. Wengi waliamini kuwa jeti halisi ya ukubwa huo haiwezekani, kwa hoja kuwa gurudumu dogo hupoteza nguvu nyingi mno kiasi kwamba injini isingeweza hata kujizungusha yenyewe.

Imani hiyo ilivunjwa Machi 1983, wakati Mwingereza Jerry Jackman na wenzake waliporusha ndege ya mfano iliyosukumwa na injini ya tabaini waliyoiunda wenyewe. Baadaye kampuni ya JPX ya Ufaransa ilianza kuuza injini iliyojulikana kama T240, ambayo badala ya mafuta ya taa ilitumia propani, gesi ya jamii moja na ile inayotumika kupikia majumbani.

Hatua iliyowafungulia mlango watu wa kawaida ilitoka Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Kurt Schreckling alibuni injini ya FD 3/64, ambayo gurudumu lake la kompresa lilitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa na kuimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Tabaini yake ilikatwa kutoka kwenye bamba la chuma kisichoshika kutu na mapanga yake kukunjwa kwa mkono. Schreckling hakuficha ujuzi wake, bali aliuandikia kitabu chenye michoro na vipimo, ili mtu mwenye mashine ya kukereza na subira ya kutosha aweze kuifuata kazi yake.

Mjerumani mwingine, Thomas Kamps, alionyesha kuwa kulikuwa na njia fupi zaidi: gurudumu la kompresa la tabo ya gari, linalouzwa kama kipuri cha kawaida, lingeweza kutumika badala ya lile la mbao. Kutokana na mawazo hayo ilizaliwa KJ-66, injini ambayo jina lake linatokana na herufi za mwanzo za majina ya Kurt Schreckling na Mhispania Jesús Artés, pamoja na kipenyo cha gurudumu lake, milimita 66. Hutoa msukumo wa kilo 7 hadi 8, na ni miongoni mwa injini zilizoundwa kwa wingi zaidi katika karakana za watu binafsi. Waingereza walifuata na MW54, ndogo zaidi, yenye gurudumu la milimita 54, iliyouzwa kwa michoro na kwa vipande vya kuunganisha.

Wakati huo huo, AMT ya Uholanzi na Sophia ya Japani ziliuza injini zilizokamilika. Mwishoni mwa miaka ya 1990, JetCat ya Ujerumani ilikuja na injini zinazojiwasha zenyewe kwa usimamizi wa kompyuta ndogo. Hapo ndipo ilipochorwa mistari inayotenganisha injini kongwe na mpya.

Kongwe na mpya

Kuwasha injini kongwe ni kazi ya watu wawili na utaratibu usiorukwa. Hewa hupulizwa mdomoni mwa injini kwa feni la mkononi au kutoka kwenye mtungi. Gesi hufunguliwa kidogo na kuwashwa kwa plagi ya joto. Fundi husikiliza mlio ukipanda, hutazama kipimajoto, kisha hufungulia mafuta ya taa polepole. Akiwahi, mafuta hujaa ndani na moto hutoka nyuma kwa ndimi ndefu. Akichelewa, injini huzima.

Injini mpya ina mota ndogo ya umeme mbele yake na kiwashio kinachochoma mafuta ya taa moja kwa moja bila gesi. Rubani husukuma swichi, na kompyuta hufanya yote yaliyobaki, ikiwa ni pamoja na kuizima injini joto likipita kiasi. Hata ikishazimwa, mota huendelea kuizungusha ili ipoe. Kwa injini kongwe, mwenyewe hana budi kurudi na feni lake, la sivyo joto lililobaki huunguza beringi.

Tofauti nyingine huonekana angani. Injini kongwe huchukua sekunde kadhaa kutoka mwendo wa pole hadi nguvu kamili. Rubani anayekuja kutua lazima awaze mbele, kwani akigundua amechelewa, nguvu aliyoiomba itafika ndege ikiwa imekwishagusa chini. Marubani wa jeti kubwa za miaka ya 1950 walikabiliwa na tatizo hilo hilo.

Wapenzi wake wanasema hapo ndipo ulipo utamu wake. Mlio unaopanda taratibu, harufu ya mafuta ya taa na haja ya kuifahamu injini kama mtu anavyoifahamu tabia ya rafiki, vyote hupotea pale swichi moja inapofanya kila kitu. Aidha, iko hoja ya mfuko. Injini mpya ni ghali, na watengenezaji wengi hutaka irudishwe kufanyiwa huduma kila baada ya saa 25 hivi za kuruka. Mwenye KJ-66 na ujuzi wa kutosha hubadilisha beringi mwenyewe.

Mahali hatari ilipo

Uhuru huo usichukuliwe kuwa ruhusa ya kubahatisha. Gurudumu linalozunguka mara 100,000 kwa dakika likipasuka, vipande vyake huruka pembeni kwa nguvu ya risasi. Ndiyo maana hakuna anayeruhusiwa kusimama ubavuni mwa injini inapowashwa. Rota lazima isawazishwe kwa mashine, kazi ambayo mafundi wa tabo za malori wanaijua, na tabaini yenye ufa mwembamba kama unywele hutupwa bila kusikitikiwa.

Kizimamoto huwa karibu wakati wote, nacho huwa cha gesi ya kaboni dioksidi, kwa kuwa kile cha unga huzima moto lakini huiharibu injini. Mafuta nayo yana neno lake. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Kilichowaumiza wenye magari kingeiua jeti ndogo haraka zaidi, kwani chembe moja ya uchafu huziba sindano za kunyunyizia mafuta na kufanya joto lipande upande mmoja.

Kasi nayo si ya mchezo. Mwaka 2017 nchini Ujerumani, ndege ya mfano ya jeti iliandikisha rekodi ya kilomita 749 kwa saa. Nchini Marekani, chama cha warusha ndege za mfano hudai kibali maalumu kwa anayetaka kurusha yenye tabaini, pamoja na kikomo cha kasi cha takriban kilomita 320 kwa saa.

Kwa Tanzania, vyombo vya anga vinavyoongozwa kutoka mbali vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kwa kanuni za mwaka 2018, na vibali huihusisha pia Wizara ya Ulinzi. Jiografia ya Dar es Salaam inaongeza uzito wa sharti hilo: sehemu kubwa ya Temeke iko kilomita chache tu kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na vitongoji vya Kinondoni vimejaa nyumba. Hapo si pa kurushia jeti bila idhini.

Lakini kujifunza si lazima kuwe angani. Injini iliyofungwa imara kwenye meza ya majaribio, nyuma ya kinga, humwonyesha mwanafunzi mzunguko mzima wa hewa, moto na msukumo kwa chini ya lita moja ya mafuta ya taa, na vyuo vya uhandisi katika nchi mbalimbali huzitumia kwa kazi hiyo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, eneo lililokuwa chini ya Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Ubungo, hufundisha matengenezo ya ndege. Kati ya chuo cha namna hiyo na gereji inayofufua tabo za malori, umbali wa kimaarifa ni mfupi kuliko unavyodhaniwa, na injini kongwe ndizo zinazouonyesha ufupi huo vizuri zaidi.