Kununua vitu vya ukumbusho ku pwani za Meksiko: ginsi ya kujua kilicho cha kweli

Watalii wenye kwenda kupumzika ku Cancún, Acapulco ao Puerto Vallarta hawapendi kurudi kwao mikono mitupu. Ku mchanga wa bahari, wachuuzi wanapita na pete, shanga, vyungu na sanamu. Vingine ni kazi ya mafundi wa Meksiko, vingine vimetoka ku mashini za inchi zingine. Mnunuzi asiyejua kutofautisha anapoteza makuta yake, na fundi wa kweli anakosa mteja.

Feza

Mji wenye kujulikana sana kwa feza ni Taxco, katika milima kati ya Mexico City na Acapulco. Mwaka wa 1931, Mmarekani mmoja, William Spratling, alifungua kule karakana, na vijana wengi walijifunza kazi hiyo.

Pete ao mkufu wa feza unapashwa kuwa na alama 925, maana yake sehemu 925 za feza safi ndani ya 1.000. Lakini alama inaweza kuigwa, njo maana ni vizuri kununua ku duka yenye kutoa fakture. Ukisikia neno «alpaca», ujue hiyo si feza: ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, hata kama unangaa.

Ambari

Ambari ni utomvu wa miti ya zamani sana uliogeuka kama jiwe. Ile ya Meksiko inachimbwa katika jimbo la Chiapas. Ukiitia katika maji yenye chumvi nyingi, inaelea. Kioo na plastiki nyingi zinazama.

Sanaa

Vyungu vyeusi vyenye kungaa vinatoka San Bartolo Coyotepec, jimbo la Oaxaca. Wanyama wa ajabu wa rangi nyingi wanaitwa «alebrijes». Pedro Linares ndiye alianza kuwatengeneza kwa karatasi, ku Mexico City, na nyuma mafundi wa Oaxaca wakawachonga katika mti. Watu wa kabila la Wixárika wanapanga shanga ndogondogo moja moja juu ya nta ya nyuki. Kazi moja inaweza kuchukua siku nyingi. Basi ukiomba bei ipunguzwe, usimnyonge fundi. Muulize nani alitengeneza, na wapi. Mwenye kuijua kazi hakosi jibu.

Vyenye kukatazwa

Usinunue pete ao kitana cha gamba la kobe wa baharini. Mapatano ya CITES yanakataza biashara hiyo kati ya inchi na inchi, sawa vile yanakataza pembe za tembo zetu. Congo pia iliyakubali. Duane inaweza kukamata kitu hicho na kukuazibu. Vitu vya kale vya kabla ya Waspania navyo, sheria ya Meksiko ya mwaka wa 1972 inakataza kuvitosha katika inchi.

Wenye kuchonga malakiti ku Lubumbashi wanajua shida hii: jiwe la kweli na la bandia vinakaa ku meza moja. Mteja mwenye kuuliza analinda makuta yake, na analinda pia mkate wa fundi.