Siku Moja kwa Miguu mu Bruxelles: Nani Aliandika Jina Lake?



Mwaka jana nilikaa juma tatu Ubelgiji kwa staji ya mambo ya udongo. Ile siku ya posho ya mwisho, wenzangu walibaki kulala. Mimi nilivaa viatu vyangu vya shamba na nikaamua kutembea Bruxelles kwa miguu, toka asubuhi mpaka mangaribi. Sikukuwa na mutu wa kuniongoza, wala feza za kupoteza. Nilikuwa na ulizo moja tu: mu huu muji, nani aliandika jina lake, na nani hakuliandika?

Sisi ma-agronome, tukitaka kujua udongo, hatuangalie majani ya juu tu. Tunachimba shimo na tunahesabu tabaka. Nilitembea vile.

Nilianzia ku Grand-Place. Ni uwanja wa mawe wenye kuzungukwa na nyumba ndefu zenye kupambwa kwa dhahabu. Mu Agosti 1695, jeshi la Louis XIV wa Ufaransa, chini ya Villeroy, lilipiga muji kwa mizinga siku tatu. Karibu uwanja wote uliungua, lakini munara wa Hôtel de Ville, wa metre 96, ulibaki umesimama. Kisha vyama vya kazi vilijenga tena: watu wa mikate, wa pombe, wa nyama, wa mashua. Kila chama kiliweka alama yake ku nyumba yake. Miaka zaidi ya 300 imepita, na mpaka leo unasoma kazi ya yule fundi wa mikate ku ukuta.

Toka pale unapanda Mont des Arts. Watalii wanapiga picha ya bustani, lakini mimi nilitafuta jumba la mikutano, lenye zamani liliitwa Palais des Congrès. Ni mule Table Ronde ilifanyika, mu Januari na Februari 1960, na tarehe 30 Juni ikachaguliwa. Lumumba alikuta mukutano umekwisha kuanza, juu alikuwa mufungwa. Walimutoa mu gereza la Jadotville, ndiyo Likasi yetu ya leo, akapanda ndege. Nilikaa pale ku ngazi muda kidogo. Mutu anatoka mu gereza ya Katanga, na siku chache kisha eko anazungumuza tarehe ya uhuru.

Mbele kidogo, karibu na jumba la mufalme, kuna Place du Trône. Leopold II eko pale juu ya farasi. Ni kazi ya Thomas Vinçotte, na iliwekwa mwaka 1926. Huyu mufalme hakukanyaga Kongo hata siku moja. Ku sanamu kuna kibao chenye kusema kama shaba yake ilitoka Kongo, na kama Union Minière du Haut-Katanga iliitoa bure.

Nilisoma mara mbili. Babu ya baba yangu alitoka kijijini mu miaka ya 1920 kuja kuchimba shaba ya Katanga. Sisemi kama shaba ya ule farasi ilipita mu mikono yake. Lakini hilo neno «bure» lilinikwama ku koo. Mu masomo yetu tunajua kama hakuna mavuno ya bure. Kama hauone mwenye alilipa, ni kusema alilipa mutu mwenye hayuko ku karatasi.

Dakika chache tena, ku Porte de Namur, nikafika ku Square Patrice Lumumba. Jina lake liko ku kibao tangu tarehe 30 Juni 2018. Walimuua tarehe 17 Januari 1961, pembeni ya Élisabethville, muji wetu. Kutoka ule farasi mpaka kile kibao haikawie. Lakini mufalme alipewa shaba, Lumumba alipewa kibao cha barabara, na alikingojea zaidi ya miaka 57.

Pale ndipo Matonge inaanza. Mama mumoja alikuwa anapanga sombe ku mulango wa duka. Alinisalimia kwa Lingala, nikajibu kwa Kiswahili, akacheka.

«Mwanangu, wewe ni wa Katanga! Unatafuta nini?»

«Hakuna, mama. Ninatembea tu, ninaangalia sanamu.»

«Sanamu hazisikie njaa. Kula kwanza. Kisha uende Tervuren, kule kuko watu wetu.»

Nilikula, nikaendelea mpaka ku Cinquantenaire. Zile arcade kubwa zilimalizika mwaka 1905, ku plan ya Mufaransa Charles Girault. Leopold alizilipa kwa kujificha nyuma ya watajiri wengine. Na utajiri wake ulitoka zaidi ku mpira wa Kongo. Ma-agronome wenzangu, haikukuwa hevea ya kupanda. Ilikuwa kamba za pori, Landolphia. Kamba za karibu zikiisha, watu wanaenda mbali zaidi mu pori, na shamba la mihogo linabaki bila mutu. Njaa inaingia mu kijiji. Wenye hawakufikisha kipimo walipigwa, wengine waliuawa, mikono ikakatwa. Mbunge Emile Vandervelde aliziita zile arcade matao ya mikono iliyokatwa.

Hapo miguu ilikataa. Nilipanda tramu 44 mpaka Tervuren. Musée ilikuwa imefungwa, lakini sikuifuata. Pembeni ya kanisa kuna makaburi saba. Mwaka 1897 walileta Wakongomani 267 juu ya kuwaonyesha watu mu maonyesho. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Nilisoma kila jina kwa sauti. Hakukuwa mutu mwingine.

Usiku, mu treni, niliandikia baba: «Baba, babu yako mwenye alikuja ku mugodi, jina lake la kweli lilikuwa nani?»

Alikawia kujibu. Kisha: «Mwanangu, tunajua paka lile lenye padri alimupa. Lenye mama yake alimupa, hakuna mwenye analijua tena.»

Ekia na wenzake wako na jiwe. Babu yetu hana. Kitu kimoja tu chake na wenzake hatujapoteza: kwetu Jumamosi ingali inaitwa siku ya posho, juu siku ile ndiyo wafanyakazi walipokea chakula chao cha juma. Tunalisema kila juma, na hatufikiri.

Kama muko na babu ao nyanya mwenye angali hai, mumuulize siku ya posho yenye kuja. Muandike jina, kijiji, na kazi. Mimi nilichelewa.