Mwanazuoni: mtu wa vitabu ndani ya siasa

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Katika Mahakama ya Kadhi mjini Nakuru, kama kwingineko nchini Kenya, mirathi ya namna hii ina hesabu yake. Mali hukatwa mafungu 32: mjane hupata 4, mtoto wa kiume 14 na kila binti 7. Kadhi hakuitunga hesabu hiyo. Aliisoma kwa miaka mingi mbele ya masheikh na katika vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu. Mwenye elimu ya kiasi hicho huitwa kwa Kiarabu alim, na wingi wake ulamaa. Waswahili humwita mwanazuoni.

Zuo ni wingi wa chuo katika lahaja za kaskazini kama Kiamu, na zamani chuo kilikuwa kitabu na vilevile mahali pa kusomea Qurani. Mwanazuoni basi ni mtu aliyelelewa na vitabu vya dini. Siku hizi vyombo vya habari hupenda kusema "wasomi wa Kiislamu", na hapo mambo huchanganyika. Profesa Ali Mazrui, bingwa wa sayansi ya siasa aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Makerere na Michigan, alikuwa msomi Mwislamu. Mwanazuoni alikuwa baba yake.

Baba huyo, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), hakuunda chama chochote. Alichapisha magazeti Mombasa: Al-Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Akifuata nyayo za wanamageuzi wa Kiislamu Muhammad Abduh wa Misri na Rashid Rida, aliwakemea Waislamu kwa gharama za matanga na kwa kuzipa mgongo shule, akawaonya pia wasiige kila cha Mzungu. Alipokuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937, tayari alikuwa amewapa Waislamu lugha ya kujadili unyonge wao chini ya ukoloni kwa hoja za dini. Huo ndio ushawishi wa mwanazuoni katika siasa: harakati huazima maneno kwanza, vyama huja baadaye.

Chama kilikuja mwaka 1992. Islamic Party of Kenya ilizaliwa Mombasa, na sauti yake kubwa ikawa mhubiri Sheikh Khalid Balala. Serikali ilikataa kukisajili.

Uwanja uliobaki ulikuwa Katiba, na hapo Bonde la Ufa likaingia. Januari 2010 kamati teule ya Bunge ilijifungia Naivasha, mji wa Bonde la Ufa, kupitia rasimu ya Katiba mpya, chini ya mwenyekiti Abdikadir Mohammed, mwanasheria na mbunge wa Mandera ya Kati: msomi, si mwanazuoni. Viongozi wengi wa makanisa walitaka mahakama za kadhi ziondolewe. Masheikh nao walisimama na historia: mahakama hizo zilikuwepo kabla ya uhuru, zililindwa katika makubaliano ya 1963 kuhusu ukanda wa Pwani, na sheria ya 1967 ikazifikisha bara. Zilibaki katika rasimu, na Katiba ikapita katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, ingawa wapiga kura wengi wa mkoa wa Bonde la Ufa waliikataa.

Kifungu cha 91 cha Katiba hiyo kinakataza chama kilichojengwa juu ya dini. Lakini kifungu cha 170 kinamtaka kadhi awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu, ujuzi unaopimwa na Tume ya Huduma za Mahakama.