Majina Makali ya Njia ya Bagamoyo

Mgeni akija kwetu Kiwangwa, akishanunua mananasi yake, hakawii kuuliza kuhusu Bagamoyo: eti ni kweli lile jina ni kilio cha watumwa? Jibu anakuwa nalo tayari. Mateka alifika pwani, akaiona bahari, akajua kurudi hakuna, akaubwaga moyo wake pale pale. Hadithi inaliza, na imesimuliwa sana.

Mimi naona inagoma kwenye lugha kabla hata hatujafika kwenye historia. Anayebwaga ni mwenye mzigo, na kubwaga moyo kwa Kiswahili ni kutulia, kuondoa wasiwasi. Sasa fikiria mpagazi wa karne ya 19, Mnyamwezi labda, ametembea kutoka Tabora na pembe ya ndovu begani. Yule ndiye wa kusema neno kama hilo akiona minazi.

Sisemi mateka hawakupita Bagamoyo. Walipita, wengine hata baada ya Sultani Barghash kukubali mkataba wa 1873 wa kuzuia biashara hiyo. Ila bandari iliyopeleka watumwa wengi zaidi Unguja ilikuwa Kilwa. Bagamoyo iliishi kwa pembe na kwa wapagazi, maelfu kila mwaka, waliojaa mjini wakisubiri safari ya kurudi bara. Jina zima likifanywa kilio, watu hawa wanafutwa kwenye mji waliouendesha.

Na wapagazi wakitaka kutisha, walijua kutisha. Njia iliyovuka Mto Ruvu (wasafiri wa zamani waliuita Kingani) na kupanda hadi Mpwapwa ilikuwa na nyika mbili zilizoogopwa. Ya kwanza, kati ya Mpwapwa na Ugogo, iliitwa Marenga Mkali. Msomaji wa mashairi asikimbilie kumtafuta malenga: hapa ni neno la bara lenye maana ya maji, Wagogo husema malenga. Maji makali, yaani yenye chumvichumvi. Ya pili ilikuwa mbele ya Ugogo, ukielekea Unyamwezi: Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba, kwa lugha nyingi za bara na hata kwa jirani zetu Wazigua. Shamba kali! Mahali pasipo shamba, vichaka vitupu na jua. Huo naona ni utani wa watu waliochoka, na utani wa msafarani haukuwa na huruma.

Lakini majina haya pia yalifanya kazi. Aliyesikia "Marenga Mkali" alijua ajaze kibuyu kabla ya kuingia. Misafara ilikuwa na mbinu yake, terekeza: mnaondoka mchana mkishakunywa, mnatembea mpaka usiku, mnalala bila maji, alfajiri mnaendelea ili muyafikie maji kabla jua halijawa kali. Richard Burton alipita huko kati ya 1857 na 1859, Henry Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliyaandika majina hayo jinsi walivyoyasikia kwa watu wao wa msafara. Kwa hiyo hofu tunayoisoma vitabuni ni hofu ya mpita njia. Aliyezaliwa pembeni ya nyika ile alijua maji yako wapi.

Wakimbu, kwa mfano, waliingia Mgunda Mkali wakakata miti na kulima. Burton alikuta makazi yao Jiwe la Mkoa, katikati ya nyika yenyewe, misafara ikinunua chakula hapo. Yaani shamba lilikuja kuwa shamba kweli, na jina bado likaitwa kali.

Kilicholimaliza ni treni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na abiria akaanza kuipita nyika ile amekaa, pengine amesinzia. Hakuna tena aliyehitaji kuonywa kuhusu kibuyu. Bagamoyo ni mji, una watu, jina lake limebaki na limeongezewa machozi. Mgunda Mkali limebaki kwenye vitabu vya wazungu, tena kwa tahajia ya Burton, ambaye aliliandika Mk'hali, na h ambayo mpagazi yeyote angeicheka.